Mradi wa Mwaka wa Nne: Amana Iliyotufikisha Matete



Kila mwaka wa masomo unapokaribia ukingoni, simu za wazazi wengi wa Pwani hulia kwa ombi moja: "Baba, nahitaji fedha za mradi." Mzazi aliyekwisha kulipa karo, kodi ya chumba na nauli ya kwenda na kurudi hushusha pumzi, akauliza mradi huo ni kitu gani. Hujibiwa maneno mengi asiyoyaelewa, akatuma alichonacho, kisha akabaki na wasiwasi. Je, fedha zimekwenda kwenye elimu, au zimekwenda kwingine?

Mzazi mmoja wa Mombasa alitufikia na swali hilo. Binti yake alikuwa amepangiwa chuo kikuu kimoja cha magharibi ya Kenya kusomea sayansi ya kompyuta, zaidi ya kilomita 800 kutoka nyumbani. Alikuwa mwaka wa nne, na kila alipopigiwa simu alisema yuko Matete. "Nilimpeleka chuoni," alituambia baba yake, "naye ananiambia yuko shambani kwa watu, anahesabu mahindi. Hii kompyuta inasomewa shambani?"

Tuliona swali lile ni la haki, na ni la wazazi wengi. Tukafunga safari.

Barabara ya Kakamega kwenda Webuye

Matete iko upande wa kaskazini wa Kaunti ya Kakamega, kwenye barabara inayotoka mji wa Kakamega, kupita Malava, kuelekea Webuye. Ni nchi ya miwa na mahindi. Trekta zilizosheheni miwa huburura matela yake barabarani, na watoto hukimbia nyuma kuokota vipande vinavyodondoka. Kwa mtu wa Pwani aliyezoea minazi na upepo wa bahari, kijani kile na mvua ile ya alasiri ni ulimwengu mwingine.

Hata hivyo, sisi si wageni kabisa katika kaunti ile. Katika karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara wa Pwani ilifika kwenye baraza la watawala wa Wanga, mahali panapoitwa Mumias hivi leo, na hadi sasa Mumias ina jamii kubwa ya Waislamu. Wazee wetu walipeleka nguo na shanga, wakarudi na pembe. Leo wanaokwenda ni watoto wetu, na wanachokifuata ni elimu. Mji wa Kakamega una Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilichopata hadhi kamili ya chuo kikuu mwaka 2007. Bungoma, ng'ambo ya Webuye, kuna Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopewa hati yake mwaka 2015. Vyuo vyote viwili vinafundisha taaluma za kompyuta, na idara ya serikali inayowapangia wanafunzi nafasi huwapeleka huko vijana kutoka Lamu, Malindi, Kwale na kwingineko.

Mradi ni nini hasa

Kwanza tueleze jambo lenyewe, kwa maana mzazi hawezi kuuliza vizuri asichokijua.

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta hafuzu kwa mitihani pekee. Katika mwaka wa mwisho hutakiwa atafute tatizo halisi, alichunguze, kisha atengeneze programu ya kulitatua. Hafanyi hayo peke yake. Idara humpa mhadhiri mmoja awe msimamizi wake. Kwa kawaida kazi huanza na pendekezo la maandishi: tatizo ni lipi, linamgusa nani, wengine wamelijaribu vipi. Pendekezo likipita, mwanafunzi huenda kwa watu wenyewe kuuliza mahitaji yao. Halafu huchora muundo wa programu, huandika msimbo, huipa majaribio, hurekebisha makosa na kuandika ripoti. Mwisho husimama mbele ya jopo la wahadhiri kuitetea kazi yake.

Utetezi huo ndio mizani. Wahadhiri humtaka aonyeshe programu ikifanya kazi, aeleze kwa nini alichagua njia hii akaiacha ile, na mara nyingine humwambia abadilishe kitu papo hapo. Aliyeijenga nyumba anajua kila tofali lilipo. Aliyeinunua hajui hata ufunguo wa chumba cha uani.

Msimamizi naye si mtu wa kuandika msimbo badala ya mwanafunzi, wala si karani wa kugonga muhuri. Kazi yake ni kuuliza maswali ambayo mwanafunzi hakuyafikiria. Binti wa Mombasa alitusimulia swali la kwanza aliloulizwa. Alikuwa amepeleka pendekezo la programu ya simu ya kuwasaidia wakulima wadogo kutunza hesabu za mazao, yenye picha za rangi na ramani. Mwalimu wake aliisoma hadi mwisho, akaifunga, akasema: "Mtu atakayeitumia anaitwa nani?"

Hakuwa na jibu. Kurasa zote zile zilizungumza juu ya "mkulima", na yeye hakuwa amezungumza na mkulima hata mmoja.

Daftari la Kukhu

Mwanafunzi mwenzake, aliyekuwa mshirika wake katika mradi, kwao ni Matete. Nyanya yake ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama wapatao thelathini ambao hukusanya mahindi yao pamoja wakati wa mavuno, ili wauze kwa bei nzuri kuliko kila mmoja kwenda kivyake kwa dalali. Binti wetu akapelekwa kwa bibi huyo, naye akafundishwa kumwita Kukhu, kama wanavyomwita wajukuu zake.

Kukhu alimtolea daftari lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Ndani mlikuwa na majina, idadi ya magunia, fedha zilizokopwa na zilizolipwa, yote kwa kalamu ya wino na kwa mwandiko ulionyooka. Kisha akamtolea simu yake. Ilikuwa kabambe, ile simu ndogo ya vitufe yenye tochi kichwani.

"Hapo ndipo programu yangu ya picha na ramani ilipokufa," binti alituambia akicheka. Kati ya akina mama wale, wenye simu za kisasa walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wakarudi kwa msimamizi wakiwa na aibu, wakidhani watakaripiwa kwa kupoteza wiki sita. Mwalimu akawaambia hawakupoteza kitu, kwamba sasa ndio wameanza. Wakaigeuza kazi yote: mweka hazina ataandika ujumbe mfupi wa simu, kompyuta itaupokea na kuuhifadhi, na kila mwanachama atapata ujumbe unaomwambia amepeleka kiasi gani na anadai nini.

Kosa la pili lilijitokeza siku ya majaribio. Programu ilimtambua kila mwanachama kwa jina lake. Lakini katika nchi ile watu wengi huitwa kwa majira waliyozaliwa. Msichana aliyezaliwa wakati wa mvua ni Nafula, wa wakati wa mavuno ni Nekesa, wa kiangazi ni Nasimiyu. Kikundini mlikuwa na akina Nafula wanne. Kompyuta ikawafanya mtu mmoja, ikakusanya magunia yao yote chini ya jina la yule aliyeandikishwa kwanza. Mama mmoja akapokea ujumbe kwamba hana hata punje, ilhali alikuwa ameleta magunia matatu kwa mkokoteni.

Wasomaji wetu wa Pwani msicheke sana. Ni akina Fatuma Omar wangapi walio katika mtaa mmoja wa Mji wa Kale? Ni akina Mohamed Ali wangapi katika safu moja ya swala? Somo lile, kwamba kila mtu apewe nambari yake isiyofanana na ya mwingine, limeandikwa katika kila kitabu cha hifadhidata, na binti alikuwa amelisoma mwaka wa pili na kulifanyia mtihani. "Lakini sikulielewa," alisema, "mpaka nilipomwona yule mama anavyonitazama."

Kosa la tatu lilihusu vipimo. Programu ilidai kilo, na akina mama walihesabu kwa gorogoro, ule mkebe wa takriban kilo mbili unaotumika masokoni kote nchini, na kwa gunia la kilo 90. Kukhu alikataa kata kata kupiga hesabu ya kugeuza gorogoro kuwa kilo. "Hiyo kompyuta yenu ndiyo iliyosoma," alisema. "Ihesabu yenyewe." Wakaifundisha ihesabu.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu moja. Baba aliyeuliza kama kompyuta inasomewa shambani sasa ana jibu lake. Ndiyo, sehemu yake husomewa huko, na pengine ndiyo sehemu isiyopatikana darasani.

Waliotangulia

Vijana hawa hawakuwa wa kwanza. Katika eneo letu la Afrika Mashariki, wanafunzi wa shahada ya kwanza wamefanya kazi zilizotajwa mbali.

Mwaka 2012, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda walitengeneza kifaa walichokiita WinSenga na kukipeleka kwenye mashindano ya wanafunzi ya kampuni ya Microsoft, yaitwayo Imagine Cup. Senga kwa Kiganda ni shangazi, dada wa baba, ambaye kwa desturi yao ndiye mshauri wa msichana katika mambo ya ndoa na uzazi. Vijana wale walichukua ile pembe ambayo mkunga huiweka tumboni mwa mama mjamzito kusikiliza moyo wa mtoto, wakaitia kipaza sauti na kuiunganisha na simu, ili programu isaidie kuhesabu mapigo. Hawakumwondoa mkunga. Walikiongezea nguvu chombo ambacho tayari alikuwa nacho mkononi.

Mganda mwingine, Brian Gitta, alikuwa mwanafunzi wa kompyuta Makerere alipougua malaria na kuchomwa sindano mara kadhaa kabla ugonjwa haujatambuliwa. Yeye na wenzake wakaanza kutafuta njia ya kupima malaria pasipo kutoa damu, kwa kifaa kinachobanwa kidoleni na kutumia mwanga. Wakakiita Matibabu, neno letu la Kiswahili. Mwaka 2018 kazi hiyo ilimpatia tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, akiwa na umri wa miaka 24, Mganda wa kwanza kuipata. Ombi lililoanza na kero ya mgonjwa likawa utafiti wa miaka mingi.

Hapa kwetu Kenya, mwaka 2010, wasichana watatu, Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka, waliasisi M-Farm, huduma iliyompa mkulima bei za soko kwa ujumbe mfupi wa simu, ili asidanganywe na dalali. Nako Dar es Salaam, mwaka 2004, mradi uliohusisha idara ya kompyuta ya chuo kikuu cha huko ulitoa programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili, kwa jina la Jambo OpenOffice. Hata ng'ambo, mfumo wa Linux unaoendesha sehemu kubwa ya mitambo ya intaneti duniani ulianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, aliyekuwa na umri wa miaka 21.

Hatutaji majina haya ili kila mzazi adhani mwanawe atapata tuzo. Miradi mingi haifiki huko, wala haitakiwi kufika. Tunayataja kwa kuwa yana jambo moja linaloyaunganisha na daftari la Kukhu: kila mmoja alianza na shida ya mtu aliyemjua.

Mlango wa nyuma

Sasa tuseme lile linalouma.

Katika miji yenye vyuo kuna watu wanaouza miradi. Mwanafunzi hutoa maelfu ya shilingi, akapewa programu iliyokamilika pamoja na ripoti yake, jina lake likiwa limechapwa juu. Wakati mwingine ni programu ile ile iliyouzwa mwaka uliopita kwa mwingine, imebadilishwa rangi. Hatutaji chuo wala duka, kwa sababu tatizo si la mahali pamoja.

Binti wetu hakutuficha. Baada ya yale mambo ya akina Nafula, zikiwa zimebaki wiki saba, rafiki alimpa nambari ya simu ya muuzaji. Fedha alikuwa nazo, kwa kuwa baba yake alikuwa ametuma siku ile ile. "Usiku ule sikulala," alisema. "Nilijiambia, baba hajui tofauti. Nikinunua, atafurahi vile vile siku ya mahafali."

Tulimuuliza kilichomzuia. Alisema ni mambo mawili. La kwanza, alimkumbuka mwenzao wa mwaka uliotangulia aliyenunua. Jopo lilimwomba abadilishe neno moja tu kwenye ukurasa wa kwanza wa programu "yake", na kwa dakika kumi alilitafuta asilione. Akarudishwa mwaka mzima. La pili, na hili alilisema kwa sauti ya chini, ni kwamba Kukhu alikwisha kumkabidhi daftari. Halikuwa zoezi la darasani tena. Lilikuwa na fedha za watu thelathini, baadhi yao wajane.

Sisi tuliolelewa vyuoni kwa neno amana twajua uzito wa maneno yale. Cheti kilichopatikana kwa kazi ya mwingine ni ushahidi wa uongo unaotundikwa ukutani. Na mwenye cheti hicho kesho ataajiriwa aandike programu ya hospitali, ya benki, au ya kugawa mirathi, na hapo hatakuwapo muuzaji wa kumpigia simu.

Lakini tusiwalaumu vijana peke yao. Msimamizi mmoja huweza kupangiwa wanafunzi wengi kuliko anaoweza kuwasikiliza. Mwanafunzi anayepiga mlango wiki tatu asifunguliwe huanza kuutafuta mlango mwingine. Na mzazi anayetuma fedha bila kuuliza hata swali moja naye ana sehemu yake.

Mzazi ulize nini

Huhitaji kujua kompyuta ili umfuatilie mwanao. Kwa yale tuliyoyaona Matete, maswali manne yatosha.

Muulize, mradi wako unamsaidia nani, na umeonana naye lini? Kijana anayefanya kazi yake atakutajia mtu, mahali na siku. Anayenunua atakutajia maneno makubwa.

Muulize, msimamizi wako alikuambia nini mara ya mwisho? Kazi hii hukaguliwa hatua kwa hatua, na aliyekaguliwa ana la kusimulia.

Muulize, fedha ninazotuma ni za nini? Matumizi ya haki yapo: nauli ya kwenda kwa wahusika, vifurushi vya intaneti, gharama za jumbe za simu, kuchapa na kujalidi ripoti, na pengine kifaa kidogo. Mwambie akuandikie. Kiasi kikubwa kinachotakiwa kwa mkupuo mmoja, tena kwa haraka, kikutie shaka.

Muulize, ni kosa gani umelifanya, na umelirekebisha vipi? Hili ndilo swali bora kuliko yote, kwa sababu programu isiyowahi kukosea haijawahi kujaribiwa.

Jambo la tano si swali ila ni tahadhari. Wanafunzi wakichukua majina, nambari za simu na hesabu za watu, wawe wamepata ridhaa yao. Tangu mwaka 2019 Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za watu binafsi, lakini hata kabla ya sheria, siri ya mtu ilikuwa amana.

Nani atabaki na daftari

Utetezi ulipita. Jopo liliuliza kwa nini wametumia njia ya zamani ya ujumbe mfupi badala ya programu ya kisasa, na binti akasimulia habari za kabambe. Mhadhiri mmoja akauliza itakuwaje wanachama wawili wakiwa na jina moja. Wale wawili wakatazamana, wakatabasamu.

Lakini swali gumu kuliko yote halikutoka kwa jopo. Walipokwenda Matete kuaga, Kukhu aliwakaribisha chai, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Nyinyi mmekwisha kupata alama zenu. Sasa sisi tutabaki na nani?"

Hiyo ndiyo aibu ya miradi mingi ya vyuo. Hutetewa, hupewa alama, hufungiwa kabatini, na watu waliofungua milango na madaftari yao husahauliwa. Vijana wale walirudi kwa msimamizi na swali hilo, naye akawapa wiki mbili zaidi zisizo na alama yoyote. Wakaandika mwongozo wa kurasa nne kwa Kiswahili chepesi. Wakamfundisha mjukuu wa Kukhu, msichana wa kidato cha tatu, namna ya kuiwasha upya kompyuta na kuongeza mwanachama. Wakakubaliana na kikundi kwamba gharama ya jumbe itolewe kwenye ada ya msimu. Na Kukhu akatoa sharti lake: daftari litaendelea kuandikwa pembeni mpaka msimu mzima upite bila hesabu mbili kutofautiana. Tuliliona sharti lile kuwa la busara kuliko maneno mengi tuliyokwisha kuyasikia juu ya teknolojia.

Tulirudi Pwani tukiwa na wazo moja la kuwaachia. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, na Chuo Kikuu cha Kiufundi kiko Mombasa, licha ya watoto wetu walio Kakamega, Bungoma na kwingine. Vijana hao kila mwaka wanatafuta matatizo halisi ya kuyatatua. Nasi tunayo: orodha za mayatima zinazopotea kila kamati ya msikiti inapobadilika, hesabu za samaki bandarini, karo za madrasa zinazoandikwa kwenye karatasi za sigara. Mwiteni mwanafunzi, mkalisheni barazani, mfungulieni daftari. Ila mwambieni mapema kwamba mtamuuliza lile swali la Kukhu.

Tulipompigia baba yake binti kumweleza tuliyoyaona, alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza, "Na yule mama wa magunia matatu, alilipwa?"

Tulimjibu kwamba alilipwa, alhamdulillahi, na kwamba nambari yake katika kompyuta ni saba.